Maître Ephraïm Amuoa Bibi Yake

Katika mji wa Bunia, mtu aliyepata shida na serikali, na jirani au na wakwe zake, aliambiwa kwanza aende kumwona Maître Ephraïm. Wakili hakuwa. Shule ya sheria aliiona kwa nje tu, siku moja huko Kisangani, alipopita akipeleka mzigo wa tajiri wake. Lakini alikuwa na meza, alikuwa na mashine ya kupiga chapa yenye rangi ya majivu, na alikuwa na kitabu cha sheria kilichokosa jalada pamoja na kurasa kumi na mbili za mwanzo, kwa hiyo elimu yake ilianzia ukurasa wa kumi na tatu. Watu hawakujali. Wengi wao shida zao zilikuwa mbele zaidi.

Meza hiyo aliiweka barazani mwa duka la fotokopi, kando ya barabara kubwa. Umeme ukikatika, vijana wa kompyuta walikaa mikono mapajani, naye aliendelea kugonga, tak tak tak, akijifanya hawaoni. Mchimba dhahabu alitoka Mongbwalu kuja kuandikiwa barua ya kumrudisha mke aliyekwenda kwao. Mama alitoka Aveba kuja kutafutia wajukuu wake vyeti vya kuzaliwa. Taximani aliyenyang'anywa pikipiki alikuja akiapa kwamba yeye hakukosa, pikipiki ndiyo iliyokosa. Kabla ya kusikiliza lolote, Ephraïm alimtazama kila mmoja juu ya miwani na kuuliza: karatasi iko wapi? Na asiyekuwa nayo alipewa hotuba. Mtu bila karatasi, alisema, ni kivuli tu; jua likizama, hayuko.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na meza ile, mkewe Suzanne aliuza samaki wa Kasenyi. Hotuba ile aliisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila alipoisikia alizidi kuparua magamba.

Ephraïm alifika Bunia kutoka Butembo akiwa kijana, karani wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa. Suzanne alikuja na mjomba wake kutoka Panyimur, upande wa Uganda, wakifuata bei ya samaki. Yeye ni Mualur, na Waalur wapo huku na wapo kule. Mpaka ulipopigwa hawakuulizwa. Ephraïm alinunua samaki kwake kila siku kwa muda wa wiki tatu, naye ni mtu asiyependa miiba. Wazee wakasafiri, mahari ikatolewa, mbuzi wakaliwa, nyimbo zikaimbwa. Kuhusu kuandikisha ndoa ile kwenye komini, ofisi ya serikali ya eneo, Ephraïm alisema wataenda wiki ijayo.

Hiyo ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane. Wiki ijayo haikufika. Vita vilikuja kwanza. Mwaka wa elfu mbili na tatu walikimbia kwa miguu hadi Komanda, kisha Beni, Suzanne na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, Ephraïm na mashine ya kupiga chapa kichwani. Sanduku la nguo lilipotea njiani, na ndani yake kile kikaratasi cha ruhusa ya siku saba ambacho Suzanne alipewa mpakani alipoingia mara ya kwanza. Walirudi, wakajenga tena, watoto wakawa wanne. Amani ilikuwepo, ile amani ambayo watu hulala nayo wakiwa wameweka viatu karibu na mlango. Na kila mtu katika mji alipata karatasi kwa mkono wa Maître Ephraïm, isipokuwa mwanamke aliyempikia.

Mambo yalifunguka siku moja ya Alhamisi, mwaka wa elfu mbili kumi na saba, saa nne za asubuhi. Ephraïm alikuwa amekaa mbele ya mteja muhimu, mwalimu mkuu mzima, akagundua kwamba hana miwani. Aliisahau nyumbani, na Suzanne alikuwa ameichukua katika mfuko wa aproni yake. Mtu mwingine angesimama, angeangalia kushoto na kulia, angevuka hatua ishirini. Ephraïm alikunja viganja mdomoni, akamwita mkewe amletee.

Suzanne alivuka. Kutoka upande wa Mudzi Pela pikipiki ilikuwa inakuja, na juu yake Rachidi, taximani wa miaka thelathini hivi, na abiria wawili, na bidoni ya mafuta ya mawese katikati yao. Rachidi hakuwa na kaski kichwani, hakuwa na permi ya kuendesha, na breki alikuwa nayo moja. Alimkwepa mama kichwa na kiwiliwili. Mguu hakuweza kuukwepa.

Watu walijaa upesi, na wengine walikuwa wameshaokota mawe. Kijana wa watu angeumizwa pale pale kama Suzanne, aliyelala katika vumbi, asingewaambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wamuache huyo na wamuinue yeye kwanza. Mafuta yalikuwa yamemwagika barabarani, na miwani ilikuwa salama mkononi mwake.

Hospitalini, mguu wa kushoto uliovunjika ulifungwa plata ngumu hadi juu ya goti. Kesho yake alikuja polisi wa barabara kuandika pevé, ile taarifa rasmi ya ajali, mwanamke mtulivu jina lake Adjida Bibiane, na daftari kubwa na kalamu mbili. Ephraïm alimpokea kwa furaha ya mtu wa kazi moja. Alimtafutia kiti, akamsifu mwandiko, akamkumbusha kwamba tarehe iandikwe kwa herufi na si kwa namba tu. Bibiane alimshukuru, akamgeukia mgonjwa.

Jina, Suzanne alisema. Kazi, alisema. Mahali pa kuzaliwa, akasema Panyimur, kwa sababu uongo haukuwa tabia yake hata akiwa na maumivu. Bibiane aliomba kitambulisho. Hakipo. Kibali cha mgeni kukaa nchini? Hakipo. Akauliza huyu papa ni nani kwake.

“Ni bibi yangu,” Ephraïm alijibu, kabla mkewe hajafungua mdomo.

“Muko na acte de mariage, karatasi ya ndoa?”

Ephraïm alitazama ukuta. Ukutani palikuwa na picha ya mtoto anayechanjwa, akaichunguza kwa makini.

Bibiane aliweka kalamu chini. Hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Ephraïm zaidi. “Papa, si weye ndiye unaandikiaka watu barua pale karibu na fotokopi? Mukubwa wangu hata karatasi ya ndoa yake ulimufanyia weye.”

Alikiri kwamba ndiye. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi kizee aliyekuja kwa ajili ya kifua na ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, alisema mganga hajigangi, kisha akageukia ukuta akakohoa kwa raha.

Bibiane aliandika kile alichokiona, maana pevé si mahali pa huruma: mama wa kigeni, bila kitambulisho, bila hati ya ndoa. Alieleza kwamba nakala moja itafika kwenye ofisi ya wahamiaji, na huko wataita. Kisha akauliza swali lake la mwisho, kwa nini mama alikatisha barabara mahali pale, wakati biashara yake ilikuwa upande ule.

“Aliniita,” Suzanne akasema, akimuonyesha mumewe kwa kidevu. “Alitaka miwani yake.”

Nalo likaandikwa.

Ephraïm alirudi kwenye meza yake na hasira zisizo na mahali pa kukaa, akammwagia Rachidi. Alipiga chapa mashitaka ya kurasa nne, yenye vifungu vya sheria kumi na kimoja, ambamo taximani yule alionekana kama jeshi zima lililovamia mji. Kuhusu miwani hapakuwa na neno. Alimpa binti yao mkubwa, Arlette, amsomee mama yake hospitalini, akitegemea kusifiwa. Suzanne alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ukurasa wa tano uko wapi, ule wenye habari za mtu aliyeita.

Rachidi mwenyewe alikuwa anakuja kila siku saa sita na bakuli la supu ya kuku aliyopika mama yake, anaketi kwenye ukingo wa kitanda akitazama ile plata kama mtu anayetazama kaburi la ndugu. Suzanne alikataa mashitaka yasipelekwe. Walikutana mbele ya Adjida Bibiane, na mama akasema masharti yake mwenyewe: kijana afundishwe barabara na apate permi ya kweli, avae kaski, abebe mtu mmoja, na atakapopona yeye, ampeleke sokoni kila asubuhi polepole kama anabeba mayai. Bibiane alikubali upande wa mapatano, lakini kosa la kuendesha bila permi, alisema, ni la serikali na si la mama. Pikipiki ilibaki kituoni hadi karatasi zitimie. Rachidi akatia sahihi. Ephraïm naye alitakiwa atie sahihi chini ya mstari uliosema kwamba ndiye aliyemwita mhanga kutoka ng'ambo ya barabara. Aliusoma mstari huo mara tatu akitafuta kosa la sarufi. Hakulipata.

Baada ya wiki mbili ofisi ya wahamiaji iliita, kama ilivyotabiriwa. Afisa aliyewapokea, Bwana Camille, alikuwa mtu mwenye adabu na viatu vilivyong'aa. Alimletea Suzanne kibweta cha kuweka mguu, akafungua faili, akasoma, akarudia kusoma.

“Mama iko hapa Bunia tangu miaka kumi na tisa,” akasema. “Lakini ku karatasi, bado hajafika.”

Hakuwatisha. Alieleza kwamba sheria, ikifuatwa neno kwa neno, ingemrudisha mama mpakani. Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango, nao ni ndoa. Mke wa Mkongomani anaweza kuomba kibali cha kukaa, ilimradi ndoa iwe imeandikwa na pawepo cheti kinachoonyesha amezaliwa wapi. Aliwapa miezi mitatu. Ephraïm alikuwa ameeleza mlango huo kwa watu wasiopungua arobaini. Alitikisa kichwa kama anayeusikia leo.

Alifika nyumbani amejaa nguvu. Suzanne alikuwa amekaa uani, mguu juu ya kigoda, anachambua lenga-lenga. Alimtangazia kwamba kesho saa tatu wanaenda komini, yeye atatayarisha fomu usiku huu, mashahidi ameshawapata, jambo litakwisha kabla ya saa sita na watarudi kila mtu kazini.

Suzanne alimaliza fungu lile la majani, akashika lingine.

“Siendi,” akasema.

Ephraïm alidhani ni maumivu. Akamkumbusha miezi mitatu, akamkumbusha mpaka, akamtajia kifungu.

“Papa Arlette, sikiya. Weye unaniita sasa vile uliniita ku barabara. Uko umekaa ku meza yako, unapiga kelele, na miye nivuke. Miaka kumi na tisa ni miye navukaka. Nilivuka mupaka, nilivuka vita na watoto ku mugongo, nilivuka ile barabara. Sasa mi niko na muguu moja.” Akamtazama. “Vuka weye.”

Ephraïm alirudisha karatasi zake mkobani. Arlette, aliyekuwa anasonga bugali jikoni, aliacha kusonga.

Basi alivuka. Siku ya Jumatatu alipanda nyuma ya lori la mihogo kuelekea Mahagi, ili avuke mpaka akatafute cheti cha mkewe kwao, na viazi viwili vya kuchemsha na mkoba wa nyaraka. Alipofika mpakani, afisa wa upande wa pili alimuuliza jambo kwa Kiingereza. Ephraïm alijibu kwa Kifaransa kizuri sana, kile cha barua kwa mheshimiwa gavana. Afisa alirudia swali. Ephraïm, mtu aliyesemea mji mzima, alibaki anatabasamu na kuonyesha kadi yake ya mpiga kura, huku foleni nyuma yake ikinong'ona, hadi mama mmoja muuza nyanya akamhurumia na kumtafsiria. Swali lilikuwa dogo tu: unaenda kwa nani? Alipewa kikaratasi cha siku saba. Alikikunja mara nne, akakiweka ndani ya soksi, na kila baada ya nusu saa alikigusa kuona kama kipo.

Huko Panyimur walimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Walimpa kiti, wakampa samaki, na yule samaki alikuwa na miiba. Kaka yake Suzanne, Ukumu, aliita ukoo, na ukoo haukuwa na haraka. Shangazi mmoja mzee alitaka kusikia jinsi mguu ulivyovunjika, tangu mwanzo. Ephraïm alisimulia. Shangazi akaomba arudie pale kwenye miwani, maana masikio yake hayakuwa mazuri, na kila aliporudia, aliletwa mtu mwingine ambaye hakuwepo mara ya kwanza. Siku ya nne alikuwa amesimulia mara sita. Siku ya tano aliacha kujitetea katikati ya simulizi. Alisema tu kwamba alimwita na alipaswa kwenda mwenyewe. Shangazi alisema sasa masikio yamepona. Wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wakapata cheti cha kuzaliwa, na siku ya saba, kikaratasi kikiwa kimelowa jasho la soksi, alivuka tena mpaka pamoja na Ukumu, jogoo mmoja, na salamu ambazo hakuruhusiwa kuzipunguza.

Alipoingia uani hakusema habari ya komini. Aliweka mkoba chini, akavuta kigoda, akakaa usawa wa mkewe.

“Mama Arlette,” akasema, “kama unakubali, nataka tuandike ndoa yetu. Na kama hapana, nitauliza tena.”

Suzanne alimwacha angoje kidogo. Aliuliza habari za shangazi, za jogoo, za bei ya samaki kule. Kisha akasema anakubali, lakini anataka kitambaa kipya, na anataka iwe siku ya Jumamosi ili wauza samaki wenzake wafike.

Wakafika, na harufu yao njema. Ukumbi wa komini ulikuwa mdogo, watu wengine walichungulia madirishani. Suzanne aliingia kwa magongo, amevaa vitenge vya buluu, na Rachidi, aliyekwisha kupata permi na kurudishiwa pikipiki, ndiye aliyempeleka, yeye mwenyewe katika kaski mpya ambayo hakuitoa hata ndani ya ukumbi. Afisa wa ndoa alisoma vifungu vya sheria kimoja kimoja. Pale Ephraïm alipovijua alisogeza midomo pamoja naye, kama Mkristo wa zamani kwenye liturujia.

Alipofika kwenye mali, afisa aliuliza wanachagua utaratibu gani: kila mtu na vyake, au vile watakavyochuma pamoja viwe vya wote, au vyote kabisa viunganishwe. Ephraïm alijibu kwa sauti kubwa kwamba vyote viunganishwe. Lilikuwa ndilo jibu lenye fahari zaidi, na aligeuka kuona kama mwalimu mkuu, yule mteja wa siku ya ajali, amelisikia.

Afisa alimgeukia bibi arusi. Suzanne aliomba aelezwe kwa Kiswahili meza yake ya samaki itakuwa ya nani katika kila njia. Akaelezwa. Akaomba aelezwe tena njia ya katikati.

“Ile,” akasema. “Vile tulipata pamoja, vyetu. Meza nilikuja nayo kutoka kwa mujomba. Ibaki yangu.”

Wauza samaki walipiga vigelegele kabla ya wakati. Afisa alimuuliza Ephraïm kama anakubali, maana hapo lazima wote wawili wakubaliane. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema anakubali. Wakatia sahihi, Suzanne kwanza, kwa mwandiko wa polepole wa mtu asiyetaka kukosea, naye Ephraïm akangoja zamu yake bila kumwonyesha mahali pa kuweka kalamu, jambo ambalo Arlette alisema baadaye lilimgharimu jasho.

Bwana Camille alipokea faili ikiwa zimebaki siku tisa. Kibali kilitoka katikati ya mvua za Novemba. Suzanne alikitia ndani ya plastiki, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, akavishona vyote ndani ya mfuko wa kitambaa wenye mkanda wa begani. Mwezi uliofuata habari zilianza kufika kutoka Djugu, za vijiji kuchomwa na watu kutembea usiku, na Ephraïm alipouliza kwa nini mfuko ule umetundikwa karibu na mlango, mkewe alimjibu kwamba safari hii, kama ni kukimbia, kila mtu atakimbia na jina lake. Hakuwa na utani aliposema hivyo, na mumewe hakutafuta kifungu.

Mji wenyewe, kwa bahati, ulibaki umesimama, na soko likaendelea. Plata ilitolewa, mguu ukabaki na kilema kidogo siku za baridi. Ila sasa kwenye meza ya samaki palianza kujaa wanawake wasionunua samaki. Walitaka kujua ile njia ya katikati ni ipi, na mjane anaulizwa karatasi gani, na kama bwana amekataa kwenda komini mtu anamwambia nini. Suzanne aliwajibu huku akiparua magamba, na hakuwaandikia kitu. Aliwaambia tu waulize nini na wasitie sahihi lini.

Ephraïm aliona benchi lake limepungua watu. Akaona aende kumweleza mkewe, kwa upole, kwamba kuna mambo ya kitaalamu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuka. Suzanne alimwona, akamwambia asubiri kidogo, kuna wamama watatu mbele yake. Akasubiri.